Waipsi na pampu ya majitaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakazi, wasimamizi na wamiliki wa majengo ambayo majitaka yake, yote au ya ghorofa ya chini tu, hupandishwa kwa pampu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Tukisema waipsi tunamaanisha vile vitambaa vya pakiti vyenye unyevunyevu, viwe vya kumfutia mtoto, vya kuondolea vipodozi au vya kusafishia sinki.

## Mambo ya msingi

1. Jengo letu lina pampu ya majitaka ya nini? Si majitaka hushuka yenyewe?

Hushuka yenyewe pale choo kinapokuwa juu kuliko bomba la mtaani au karo. Jengo likichimbwa chini, mambo hubadilika. Vyoo vya walinzi na vya maduka ya beizimenti, kama ilivyo kwenye maghorofa mengi ya Kariakoo na Upanga, viko chini ya usawa wa bomba la DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam. Majitaka yake hukusanywa kwenye shimo la zege. Humo kuna pampu iliyozama na floti, yaani boya linaloelea. Maji yakipanda, floti huinuka na kuwasha pampu. Yakishuka, pampu huzimika.

Jengo lililojengwa kwa uangalifu lina pampu mbili zinazopokezana, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kagua kama zote mbili zinafanya kazi kweli. Pampu ya akiba iliyokufa zamani bila mtu kujua ni jambo la kawaida kuliko wengi wanavyodhani.

2. Waipsi moja ina ubaya gani?

Moja peke yake mara nyingi hupita, na ndiyo maana kila mtu huamini kwamba yake haina shida.

Waipsi si karatasi. Ni kitambaa kisichofumwa, cha nyuzi za poliesta, polipropilini au viskosi zilizobanwa pamoja. Kiwandani imetengenezwa makusudi isichanike ikiwa imelowa, maana ingechanika mkononi usingeinunua tena. Pampu ndogo ya jengo inaweza kupitisha vipande vigumu vya milimita 50 hivi bila taabu, ila kitambaa hakipiti kama kipande kigumu. Hujikunja kwenye ukingo wa impela (mapanga yanayozunguka ndani ya pampu), hung'ang'ania, kisha hunasa kinachofuata: waipsi nyingine, nywele, nyuzi za mopu. Mzunguko wenyewe huzisokota zikawa kamba, na mafuta ya jikoni yakishaganda juu yake, fundi hulazimika kuikata kwa kisu.

Pampu kubwa nazo hazinusuriki. Mwaka 2018 huko Charleston, Marekani, wapiga mbizi walizamishwa ndani ya majitaka ghafi, kwenye giza tupu, kwenda kutoa kwa mikono mabonge ya waipsi yaliyokuwa yameziba pampu za mji.

3. Mbona pakiti imeandikwa kwamba zinafaa kumwagwa chooni?

Maandishi hayo yana maana moja tu ya uhakika: itateremka kutoka kwenye bakuli la choo. Hata kipande cha kanga kitateremka. Swali ni kama itasambaratika kabla ya kufika kwenye pampu, ambayo katika jengo iko umbali wa mita chache na dakika chache tu.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Ryerson, Toronto, walipima bidhaa 101 za kutumia mara moja, 23 kati yake zikiwa zimeandikwa kwamba zinafaa kumwagwa chooni. Katika waipsi zote hizo hakuna hata moja iliyosambaratika kiasi cha kupita salama.

Unaweza kujipimia nyumbani. Chukua chupa mbili za plastiki zenye maji nusu. Moja weka karatasi ya chooni, nyingine waipsi. Tikisa zote kwa dakika moja. Karatasi itakuwa imeshageuka uji. Waipsi iache mpaka kesho yake, uitoe na kuivuta kwa mikono miwili. Kwenye mkutano wa wakazi chupa hizi hufanya kazi kuliko hotuba ya msimamizi.

4. Basi ni nini kinachoruhusiwa kuingia chooni?

Haja kubwa, haja ndogo, maji, na karatasi ya chooni kwa kiasi.

Tishu za mezani na za jikoni haziruhusiwi, ingawa zinafanana na karatasi ya chooni, kwa sababu zimewekewa dawa ya kuzifanya zihimili maji. Pedi, pampasi, kondomu, pamba za masikio, uzi wa kusafishia meno, nywele za kusuka, mabaki ya chakula: vyote kwenye pipa. Mafuta ya kukaangia yamwagwe kwenye chupa yakishapoa, yafungwe na kutupwa na taka, yasipitie sinki. Mafuta na waipsi vikikutana hugandana. Bonge lililokutwa chini ya Whitechapel, London, mwaka 2017 lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na lilikuwa hasa mchanganyiko wa hivyo viwili.

Wenye desturi ya kuchamba kwa maji wana nafuu hapa. Bomba dogo la kunawia pembeni ya choo, au hata kopo, huondoa sababu kubwa ya mtu mzima kuhitaji waipsi. Mwenye nyumba anayeweka bomba hilo katika kila choo anapunguza waipsi shimoni kuliko anayebandika matangazo matupu.

5. Tuna mtoto mchanga, au mgonjwa wa kubadilishwa nguo. Hatuwezi kuacha waipsi. Tufanyeje?

Hakuna anayewaambia muache. Zitumieni, ila zisiingie chooni. Kinyesi kigumu kidondosheni chooni kwanza, kisha kunjeni waipsi ndani ya pampasi iliyotumika, mfunge kwenye mfuko na kuutia kwenye pipa lenye mfuniko.

Pipa liwe ndani ya choo chenyewe, mkono unapofika mtu akiwa ameketi. Likiwekwa koridoni au jikoni, usiku saa nane hakuna atakayelifuata. Taka ya aina hii isilale siku tatu kwa joto la Dar. Kama gari la taka hupita mara mbili kwa wiki, jengo liwe na pipa kubwa nje la kupokea mifuko hiyo kila siku.

6. Wapangaji wanaelewa, lakini wageni wa siku chache na wafanyakazi wa ndani je?

Hao ndio mara nyingi hawajaambiwa kitu. Mgeni aliyekodi fleti kwa siku nne ametoka kwao na mazoea ya kwao. Dada wa kazi ameelekezwa kusafisha sinki kwa waipsi zenye dawa, hakuna aliyemwambia azitupe wapi, na maji ya kupigia deki, pamoja na nyuzi za mopu, ameonyeshwa ayamwage chooni. Hapo wa kulaumiwa ni aliyetoa maelekezo nusunusu.

Bandika tangazo fupi usawa wa macho, juu ya tangi la choo, lenye picha ya waipsi iliyopigwa mstari na mshale unaoonyesha pipa. Liandikwe Kiswahili, Kiingereza, na lugha nyingine ya wageni wenu. Lakini tangazo lisilo na pipa pembeni yake halisaidii. Tazama tena swali la 5.

## Dalili na hatua za haraka

7. Nitajuaje kwamba pampu inaanza kuziba kabla haijazima kabisa?

Sikiliza. Pampu iliyozoea kufanya kazi dakika tatu ikianza kuchukua dakika kumi kumaliza shimo lile lile, kuna kitu. Mtetemo mpya, mlio wa kuunguruma bila maji kusogea, harufu inayopanda kupitia matundu ya sakafu ya beizimenti, au choo cha chini kinachobubujika ghorofa za juu zinapomwaga maji: zote ni dalili.

Fundi umeme akipima ampea atapata habari zaidi, ila asome kwa makini. Impela iliyokwama huvuta umeme mwingi, na ovalodi (swichi ya kulinda mota) hukata. Pampu ambayo njia yake ya kutolea maji imebanwa huweza kuvuta umeme mdogo kuliko kawaida, kwa sababu inasukuma maji kidogo. Kwa hiyo ampea zilizoshuka zisichukuliwe kuwa ishara ya afya. Aandike kipimo cha siku pampu ilipokuwa mpya au imetoka kusafishwa, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya boksi la umeme. Bila kipimo cha kulinganisha, namba ya leo haisemi mengi.

8. Kengele ya shimo imelia usiku. Tuanzie wapi?

Punguzeni maji kwanza. Tumeni ujumbe kwenye kundi la wakazi: hakuna kufua, kuoga wala kuvuta maji ya choo isipokuwa kwa dharura. Vyoo vya chini kabisa vifungwe, maana huko ndiko majitaka yatakakotokea.

Kisha angalieni boksi la umeme. Kama breka au ovalodi imekata, iwasheni mara moja tu. Ikikata tena, acheni. Kuirudisha mara tano mfululizo kwa matumaini huunguza mota, na hapo kazi ya kusafisha imegeuka kazi ya kununua. Zimeni kabisa pampu yenye tatizo, muiachie ya akiba, na muite fundi. Ikiwa zote mbili zimekwama, ombeni gari la kunyonya majitaka lipunguze kiwango cha shimo wakati mnamsubiri.

Mara nyingine pampu ni nzima na aliyekwama ni floti: waya wake umezongwa na waipsi, au imelala chini ya tabaka la mafuta. Fundi huliona hilo mfuniko ukifunguliwa tu.

9. Shimo si refu. Kijana hawezi kuingia akatoa hayo matambara?

Hapana. Hata kama ni dakika mbili, na hata kama amewahi kuingia.

Majitaka yaliyotuama hutoa hidrojeni salfaidi, gesi nzito kuliko hewa, inayolala chini ya shimo. Kwa kiwango kidogo hunuka kama mayai viza. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi na harufu hupotea, kwa hiyo anayeingia hudhani hewa imekuwa safi. Ikizidi sana, mtu huanguka kwa pumzi chache. Halafu mwenzake huruka kumwokoa naye akaanguka palepale. Ajali za makaro huua wawili watatu kwa mtindo huo.

Pampu itolewe kwa kuivuta juu kwa mnyororo, ikiwa imezimwa umeme na breka imefungwa kwa kufuli. Kama shimo lenu halina mnyororo wala reli za kuongozea pampu, hilo ndilo tengenezo la kwanza la kulipia. Mnyororo uwe wa chuma kisichoshika kutu. Wa kawaida huliwa na gesi hiyohiyo na kukatika siku unapouhitaji. Ikilazimu mtu kushuka, ni kazi ya timu yenye kipima gesi, feni ya kuingiza hewa, mkanda na winchi, na watu juu ambao hawaondoki.

10. Tumwage magadi ya sabuni, asidi au dawa ya vijidudu?

Hakuna mojawapo itakayoyeyusha poliesta ndani ya shimo. Magadi makali hulegeza mafuta kidogo, lakini hushambulia sili za pampu (zinazozuia maji kuingia kwenye mota) na humsubiri fundi atakayeshika pampu kesho. Asidi ikikutana na dawa ya klorini ya kusafishia vyoo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya beizimenti hilo ni balaa la pili. Dawa za vijidudu zinaweza kusaidia karo kumeng'enya uchafu wa kawaida. Plastiki hazimeng'enyi.

11. Fundi wetu huigeuza pampu izunguke kinyume na inafunguka. Ni sawa?

Kwa pampu ya fezi tatu, kubadilisha fezi mbili hugeuza mzunguko, na kamba iliyojisokota huweza kujifungua. Ni mbinu halali ya dharura, kwa muda mfupi. Matambara lakini hayajatoka. Yamerudi shimoni yakisubiri zamu yake. Fundi ahakikishe amerudisha fezi kama zilivyokuwa: pampu inayozunguka kinyume bado husukuma maji, ila kwa unyonge, na inaweza kuendelea hivyo kwa wiki nyingi bila mtu kugundua.

## Pampu, shimo na matunzo

12. Tukinunua pampu yenye visu, tatizo si litakwisha?

Hili ndilo swali ambalo wauza pampu hulipenda. Jibu linategemea aina ya visu.

Pampu ya kusaga ina kisu mdomoni na imetengenezwa kwa mabomba membamba, ya milimita 32 hadi 50, mfano nyumba moja inayosukuma majitaka mbali. Inasaga kinyesi na karatasi vizuri. Ikilishwa waipsi kila siku, kisu huwa butu, na kisu butu hakikati tena; huanza kukusanya. Pampu za kukatakata, zenye makali kwenye impela yenyewe, huhimili zaidi, na bei yake inalingana na kazi hiyo. Aina ya tatu ni ile ambayo impela imejificha nyuma na maji hupita kwa kimbunga mbele yake. Hii haikati kitu, ila huacha nafasi kubwa ya kupita. Hutumia umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile, na kwa jengo la watu wengi mara nyingi ni chaguo la busara.

Hata pale kisu kinapofaulu, vipande vilivyokatwa huwa nyuzi, na nyuzi hukutana tena mbele: kwenye vali ya nonritani (inayozuia maji kurudi nyuma), kwenye kona ya bomba, au kwenye pampu ya mtaa. Nonritani ikishikiliwa wazi na matambara, maji yaliyopandishwa hurudi shimoni na pampu huwaka na kuzima mfululizo. Watu hubadilisha pampu wakati ugonjwa uko kwenye vali.

Ushauri wetu: usibadilishe pampu kabla ya kuweka mapipa na kusubiri miezi michache. Mara nyingi pampu ya zamani hutosha.

13. Na kapu la kuchujia mdomoni mwa shimo?

Linafaa, mradi kuna mtu mwenye jina, siku na glavu za kulimwaga. Kapu lililosahaulika huziba kuliko pampu, na majitaka hurudi nyuma hadi kwenye vyoo. Liwe la kuvutwa juu kwa reli, na matundu yasiwe madogo mno, la sivyo linakamata na kinyesi. Faida yake kubwa ni ushahidi: mkilitazama kila wiki mtajua hasa kinachotupwa.

14. Shimo lisafishwe kila baada ya muda gani?

Anza kwa kufungua mfuniko na kutazama kila wiki. Kila miezi mitatu pampu ivutwe juu, impela ikaguliwe, floti zifutwe mafuta, na tabaka linaloelea litolewe na gari la kunyonya. Ukikuta shimo safi mara mbili mfululizo, ongeza nafasi iwe miezi sita. Kabla ya masika fanya ukaguzi hata kama zamu haijafika, na hakikisha maji ya mvua ya paani hayaingizwi kwenye shimo hili. Pampu ya majitaka haikukadiriwa kubeba mvua ya Aprili.

15. Umeme wa TANESCO ukikatika tuna muda gani?

Piga hesabu. Nyumba 12 zenye watu wanne kila moja, kwa lita 100 kwa mtu, ni lita 4,800 kwa siku, wastani wa lita 200 kwa saa. Kama kati ya usawa wa pampu kuwaka na usawa wa kufurika kuna nafasi ya lita 1,000, mna saa tano. Asubuhi matumizi yanapokuwa maradufu, mna saa mbili na nusu. Shimo lililojaa matambara na mchanga chini lina nafasi ndogo zaidi ya hiyo.

Pampu iwe kwenye laini ya jenereta. Ni ajabu ni majengo mangapi yana jenereta inayowasha taa za geti na lifti huku pampu imeachwa nje.

## Gharama na lawama

16. Nani alipe: mwenye nyumba, msimamizi au mpangaji?

Kama fleti moja ina bomba lake hadi chemba yake, na waipsi zimekutwa humo, mkataba wa pango unaweza kumbebesha mpangaji. Kifungu kiandikwe wazi kabla hajahamia, na apewe na pipa. Shimo la pamoja ni hadithi nyingine. Hakuna fundi anayeweza kusema waipsi hii ni ya ghorofa ya tatu, na kujaribu kuthibitisha hugeuza mkutano wa wakazi kuwa baraza la kesi. Gharama hiyo iingie kwenye mchango wa matengenezo wa wote. Picha ya kilichotolewa, pamoja na kiasi kilicholipwa, iwekwe kwenye kundi la wakazi bila kumtaja mtu.

## Hali nyingine

17. Hatuna pampu, tuna karo au shimo la choo. Yanatuhusu?

Ndiyo. Sehemu kubwa ya Dar haina bomba la majitaka, na kwa wengi pampu ya kwanza ni ile ya gari la kunyonya. Waipsi nyingi haziozi, hivyo shimo hujaa mapema, na mpira wa gari huziba katikati ya kazi. Mitaa ambayo gari haliingii, ambako hutumika pampu ya mkono iitwayo Gulper, ndiko matambara hukera zaidi, kwa kuwa mtu huanza kwa kuyavua kwa ndoano kabla hajapampu hata ndoo moja.

18. Choo chetu kina kimashine cha kusaga nyuma yake. Kinahimili?

Kidogo kuliko pampu yoyote iliyotajwa hapo juu. Waipsi moja inatosha kukisimamisha.

19. Waipsi zisizo na plastiki, za mianzi au viskosi, je?

Kwa bahari na udongo ni bora, kwa kuwa huoza. Lakini kuoza huchukua wiki au miezi, na pampu yenu inazipokea ndani ya dakika. Zifanyieni jaribio la chupa la swali la 3.

20. Tumeweka mapipa, watu wametii, bado pampu inaziba. Kwa nini?

Kwanza, mabomba yana akiba. Waipsi za miezi iliyopita zimenasa kwenye viungo na kona, hasa pale bomba lilipolazwa bila mteremko wa kutosha, na huachia kidogo kidogo. Msafishe mabomba kwa maji ya presha kuanzia juu, na shimo linyonywe siku hiyohiyo ili kilichosukumwa kisiishie kwenye pampu.

Pili, fungueni chemba moja moja kufuata mkondo, kila mnara wa vyoo (vyoo vya ghorofa zote vinavyoshukia bomba moja) peke yake. Chemba yenye matambara mapya itawaonyesha upande wa kuuliza, na mara nyingi si fleti: ni choo cha saluni ya ghorofa ya chini, au cha ofisi ambayo haikualikwa kwenye mkutano. Tatu, kagueni nonritani (swali la 12) na mwelekeo wa mzunguko (swali la 11). Yote hayo yakiwa sawa, ndipo mzungumze na muuza pampu.